Barabara ya Mchepuko Isiyojengwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mji Mmoja wa Barabarani

Kisa hiki ni cha mji mdogo wa Tanzania Bara, uliokaa kwenye barabara kuu inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi jirani zisizo na bahari. Nitauita Mji K. Jina lake, mkoa, urefu wa barabara inayopendekezwa, miaka ya matukio na majina ya wahusika nimeviondoa.

Nimekichagua kwa sababu mjadala wa barabara za mchepuko, zile zinazouzunguka mji badala ya kuupita katikati, huku kwetu huishia kwenye swali moja: ijengwe au isijengwe? Kwa Mji K swali hilo lilikuja likiwa limechelewa. Mchepuko wao hauna hata mita moja ya lami hadi leo, lakini umeshawatajirisha watu kadhaa, umewafukarisha wengine, na umebadilisha matumizi ya ardhi ya vijiji vilivyo jirani. Yote hayo yalifanywa na mstari uliochorwa kabla fedha hazijapatikana.

Usuli

Barabara ilipopita hapo, Mji K haukuwepo. Kulikuwa na mashamba, ghala la kununulia mazao na nyumba chache. Watu wengi waliletwa barabarani na serikali yenyewe: Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwatoa kwenye makazi yaliyotawanyika ikawapanga kandokando ya barabara, mahali ambapo shule, zahanati na maji vingeweza kuwafikia. Baadaye malori ya mizigo ya nje yakaongezeka, na mji ukaangukia kwenye umbali ambao dereva aliyetoka bandarini huwa ameshachoka. Zikafuata gesti, mama lishe, mafundi pancha, maduka ya vipuri na stendi.

Ikifika saa mbili usiku, semi zinakuwa zimeegeshwa mabegani mwa barabara pande zote mbili, kichwa kwa mkia. Anayetoka upande wa soko kwenda upande wa zahanati anapenya kati ya trela na trela, anachungulia, na lori linalokuja limewasha taa kali zinazomficha bodaboda aliye pembeni yake. Kibao cha kilomita 50 kwa saa kipo. Lakini mteremko wa kuingia mjini unayapa malori kasi ambayo madereva hawapendi kuipoteza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza uwezekano wa ajali ya kifo kwa takriban asilimia 4. Watu wa Mji K hawakuhitaji kuambiwa hivyo, walishazika.

Kuna suala la hifadhi ya barabara pia, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zikaifikisha mita 30. Kwenye kuta za mji, nyongeza hiyo ya mita 7.5 inasomeka kwa rangi: X nyekundu kwa aliyeifuata barabara ndani ya zile mita 22.5, ambaye halipwi; X ya kijani kwa aliyefuatwa na barabara kwenye nyongeza, ambaye anastahili fidia. Ipo familia ambayo nyumba yao kubwa ina X nyekundu na jiko la uani lina ya kijani, na mwenye nyumba anasisitiza kwamba hapo alipo alipangiwa na serikali mwaka ule wa 1974. Kwa hiyo vigingi vilipoanza kupandwa mashambani, watu hawa walishajua maana ya kigingi.

Mambo yalivyokwenda

Chanzo kilikuwa ajali. Baada ya lori lililopoteza breki kuingia kwenye vibanda vya soko, viongozi walisimama hadharani wakaahidi barabara ya mchepuko. Mhandisi mshauri akapatikana kwa ajili ya upembuzi yakinifu. Magari yakahesabiwa kwa siku saba mfululizo kwa makundi yake, idadi ikawa kubwa, na mstari ukachorwa upande wa kusini: tambarare, karibu na mji, usiohitaji daraja la maana. Ulikuwa mstari mfupi na wa gharama nafuu kuliko mingine iliyofikiriwa.

Ikafuata siku ya vigingi. Wapimaji walipanda nguzo fupi za zege katikati ya mihogo na alizeti, na nyuma yao wakaja wathamini. Kila mwenye mali alisimama mbele ya nyumba au shamba lake ameshika kibao chenye namba, akapigwa picha, akasaini fomu. Kwenye mkutano wa kijiji wakaelezwa kile kinachozingatiwa na kanuni za fidia za mwaka 2001 zilizo chini ya Sheria ya Ardhi: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida anayoipoteza kwa miezi 36. Kisha wakaambiwa wasiendeleze chochote ndani ya vigingi.

Fedha hazikuja. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaupa uthamini wa fidia uhai wa miaka miwili tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu. Miaka miwili ikapita, daftari la uthamini likafa, na watu wakabaki na lile katazo, kwa sababu hakuna aliyerudi kuliondoa. Nyumba moja ilikuwa imefika kwenye lenta siku ya vigingi. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zikashika kutu, mbao za mkanda zikaliwa na mchwa, na msimu uliofuata mwenye nyumba akapanda mahindi ndani ya kile ambacho kingekuwa sebule. Alikuwa akipanga chumba kimoja na familia yake yote mjini, akilipa kodi kila mwezi, wakati nyumba yake inaoza umbali wa kutembea kwa miguu.

Nje ya vigingi mambo yalikwenda kinyume kabisa. Madalali waliukata mpaka wa hifadhi kama mkate: viwanja vyembamba, kila kimoja kikitazama barabara ambayo haijaja. Mashamba yaliyokuwa yakiuzwa kwa ekari yakaanza kuuzwa kwa hatua za miguu. Mauziano mengi yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, bila kupita kwenye halmashauri ya kijiji wala mkutano mkuu, ambavyo ndivyo vyenye mamlaka chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wanunuzi wengi hawakuwa wenyeji. Kabla ya mwaka wa nne kwisha, misingi ya maduka ilikuwa imejipanga kwenye sehemu kubwa ya mstari.

Ndipo timu nyingine ikapewa kazi ya kupitia upya mpango wote. Timu hii ilifanya jambo ambalo la kwanza haikulifanya: iliwasimamisha madereva kwenye ncha zote mbili za mji, kwa msaada wa askari wa usalama barabarani, ikawauliza wametoka wapi, wanakwenda wapi, na kama watasimama Mji K. Kisha ikatembea usiku kuhesabu malori yaliyolala.

Majibu yaliugeuza mjadala. Sehemu kubwa ya magari ya mchana ilikuwa ya mji wenyewe na vijiji vyake: bodaboda, bajaji, hiace, fuso za mazao, mabasi yanayoshusha stendi. Hayo yote hayangetumia mchepuko hata ungekuwa na lami ya kioo. Malori ya safari ndefu yalikuwa machache kuliko ilivyodhaniwa, lakini ndiyo yaliyokuwa yakiua, na mengi yao yalisimama Mji K kwa hiari: chakula, kulala, kurekebisha tairi, kungojana na wenzao. Ukijenga mchepuko bila kuwapa mahali pa kusimama, wataingia mjini vilevile, safari hii kwa kukata kona kwenye mitaa ya udongo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuitengeneza barabara iliyopo bila kungoja mchepuko. Maegesho ya malori yaliwekwa nje kidogo ya mji, juu ya mteremko, ili lori lisimame kabla halijapata kasi. Sehemu ya katikati ya mji ikapata barabara ya pembeni ya bodaboda na hiace, vivuko viwili vilivyoinuliwa kwa matuta, na vizuizi vya kuwazuia wenye semi kupanda bega. Sababu ilikuwa ya kibinadamu na ya kifedha: kazi hizi ziliweza kuingia kwenye bajeti ya karibuni, na watu wangeendelea kuvuka pale kila siku kwa muda wote ambao mchepuko ungekuwa unasubiriwa.

Wa pili ulikuwa kuuacha mstari wa kusini na kuchora mwingine kaskazini, nyuma ya ukingo wa vilima. Ni mrefu zaidi, unahitaji makalavati mengi, na wahandisi kadhaa waliupinga kwa sababu hizo. Waliouunga mkono walikuwa na hoja moja nzito: kusini hakukuwa tena na mahali pa barabara kuu. Kungejengwa mtaa wa maduka wenye lami pana, na baada ya miaka kumi mji ungeomba mchepuko wa kuuepuka mchepuko.

Wa tatu ulihusu ardhi. Iliamuliwa kwamba mstari wa kaskazini usithaminiwe hadi fedha za fidia ziwe zimetengwa, na kwamba kabla ya hapo vijiji vinavyopitiwa viwe na mipango ya matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 2007 ya mipango ya matumizi ya ardhi, mkuza wa barabara, yaani ukanda wa ardhi itakamopita, ukiwa umewekwa ndani ya mipango hiyo kama eneo la kilimo. Mkulima angeendelea kulima na kuvuna. Kilichozuiwa ni kukata viwanja na kujenga nyumba za kudumu.

Wa nne ulizua ubishi mkubwa kuliko yote: makutano yawe mawili tu, moja kila ncha. Kijiji cha katikati kilidai la tatu, na kilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kipitiwe na barabara kisichoweza kuipanda. Mwafaka ulikuwa njia ya kupita chini ya barabara kwa ajili ya mifugo, matrekta na watoto wa shule, na barabara ya mazao kutoka kijijini hadi kwenye makutano ya karibu.

Matokeo

Maegesho yalipofunguliwa yalikaa tupu. Yalikuwa na changarawe nzuri, taa na choo, na hakuna lori lililolala. Madereva walisema wazi kwamba wanalala penye chakula na penye macho ya watu, kwa sababu mafuta na mzigo huibwa penye giza na upweke. Mama lishe nao walishakataa kuhamia, wakihofia kwamba vibanda vipya vitakwenda kwa watu wenye majina makubwa. Mambo yalibadilika halmashauri ilipokubali orodha iandikwe na mama lishe wenyewe, ibandikwe ofisi ya kata wiki mbili ili yeyote aipinge, na ada ya miezi ya mwanzo isitozwe. Jiko la kwanza lilipowashwa kule juu, malori yalifuata. Hayakufuata yote, wenye gesti mjini bado wanayavuta baadhi.

Takwimu za ajali sitazitoa. Katika mji mmoja mdogo idadi ya ajali hupanda na kushuka yenyewe mwaka hadi mwaka, na mwaka mmoja mzuri baada ya kuweka matuta hauthibitishi kitu. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba usiku mabega ya barabara katikati ya mji yako wazi, na mtu aliyesimama kivukoni anaonekana toka mbali.

Kaskazini, baadhi ya vijiji vimepitisha mipango yao ya ardhi kwenye mkutano mkuu. Kimoja bado, kwa sababu habari za mstari mpya ziliwafikia madalali kabla ya kufika kwa afisa mtendaji wa kijiji, na viwanja vya kwanza vilishauzwa.

Watu wa kusini waliandikiwa barua kwamba wako huru kuendeleza maeneo yao. Barua ilichelewa sana. Waliolipwa: hakuna.

Uchambuzi

Nianze na hao wa kusini, kwa sababu ripoti nyingi huwataja kwa sentensi moja. Sheria yetu inafidia kinachochukuliwa. Kwao hakikuchukuliwa chochote: ardhi yao iko palepale, na daftari la uthamini lilipokufa madai yao yalikufa nalo. Hasara yao ni ya kungoja, yaani nyumba isiyoezekwa, miembe isiyopandwa, mkopo ambao benki ilikataa kwa sababu kiwanja kina kigingi, na kwenye fomu ya uthamini hakuna mahali pa kuandika hayo. Aliyelipwa kwa kuchelewa anaweza kudai riba, maana fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita. Asiyelipwa kabisa, mradi ukahamia kwingine, hana mlango wa kubisha. Naliona hili kuwa dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Ile miaka miwili ya uhai wa uthamini inatosha kuwa ratiba. Mradi ambao hauwezi kuonesha fedha za kulipa ndani ya miezi sita baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha, wathamini wake wasiingie kijijini. Na kila katazo la kuendeleza liandikwe likiwa na tarehe ya kufa. Tarehe ikifika bila malipo, mwenye nyumba aezeke nyumba yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Jambo la pili ni hesabu ya magari. Kuhesabu kwa siku saba si kosa, ni utaratibu wa kawaida, na hesabu ile ilifanyika vizuri. Tatizo ni swali ililoulizwa. Mhesabuji aliyekaa sehemu moja anajua magari mangapi yamepita mbele yake. Hajui ni mangapi yangekubali kupita kwingine. Uamuzi wa kujenga mchepuko unasimama juu ya hilo la pili. Mahojiano ya madereva na matembezi ya usiku yalikuwa kazi rahisi ukilinganisha na usanifu wa kina wa barabara, na ndiyo yaliyoonesha kwamba kero kubwa ya Mji K ilikuwa maegesho kabla haijawa kupita. Yangefanyika mwanzoni, mstari wa kusini pengine usingechorwa kabisa.

Tatu, na hapa ndipo kisa kina uzito kwa miji mingine, hifadhi ya mita 30 kila upande inalinda upana wa barabara. Hailindi kazi yake. Mwenye kiwanja kilichoanzia mita ya 31 hajavunja sheria yoyote akijenga duka, na duka linataka njia ya kuingilia, njia inaleta bodaboda, bodaboda wanaleta kijiwe, na kijiwe kinaleta wavukaji. Mji K ulizaliwa hivyohivyo kwenye barabara ya kwanza, na mstari wa kusini ulikuwa ukirudia hadithi ileile kwa kasi kubwa zaidi. Kinachozuia ni mambo mawili kwa pamoja: maingilio machache yanayolindwa tangu kwenye mchoro, na viwanja vinavyopimwa vikiipa barabara mgongo, vikiwa na mtaa wao wa ndani. La kwanza liko mikononi mwa wenye barabara. La pili liko kwa kijiji na halmashauri, kupitia mipango ya ardhi na Sheria ya Mipango Miji. Kusini, pande hizi mbili hazikuwahi kukaa meza moja. Kaskazini zilikaa, na naamini matumaini yote ya mstari huo yako hapo kuliko kwenye vilima.

Hata hivyo sina uhakika kwamba mipango ya vijiji itahimili. Inategemea halmashauri ya kijiji kukataa fedha za mnunuzi mwaka baada ya mwaka, kwa faida ya barabara ambayo haijulikani itakuja lini. Kijiji kinachoombwa kulinda mkuza wa taifa kinapaswa kupata kitu sasa: ile barabara ya mazao ingejengwa mapema, wanakijiji wangekuwa na sababu ya kuendelea kuamini. Hadi ninapoandika haijajengwa.

Mwisho ni barabara ya zamani, ambayo wapenda michepuko huisahau. Siku malori yakihama, kipande cha mjini kitashushwa daraja na pengine kukabidhiwa kwa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo yenye barabara za wilaya. Wengi huona hiyo ni nafuu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli yenye uzito maradufu huumiza lami karibu mara 16. Lori linaloruhusiwa kufika tani 56 chini ya Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 limeshaila sehemu kubwa ya uhai wa lami ile kabla ya kukabidhiwa. Timu ya mapitio ilipendekeza makabidhiano yafanyike baada ya kipande hicho kufumuliwa na kujengwa upya, pamoja na mitaro, kwa sababu mtaro wa sasa unamwaga maji ya barabara kuu kwenye ua wa zahanati. Pendekezo hilo liko kwenye rasimu ya makubaliano, na bado halijasainiwa.